Duara Halisimami kwa Mmoja: Kwa Nini Viumbe Huwalinda Wanyonge Wao



AlhamduliLlaah, sifa zote njema Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aalaa), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake wote.

Ndugu zetu wasomaji, miongoni mwa maswali yanayorudi mara kwa mara katika majumba yetu ya visiwani ni maswali ya wanaouguza. Binti amerudi kwao kumtazama mama aliyepooza, huu mwaka wa tatu, na ndugu zake wa kiume hawaonekani ila siku ya Iddi. Mama ana mtoto asiyesema wala kutembea, na majirani wanamshangaa kwa nini anajichosha. Na mara nyingi anayeuliza huwa ameshaambiwa barazani kauli hii: “Hata wanyama humwacha aliyechoka. Ndiyo maumbile.”

Kauli hiyo inauma, na inafaa ijibiwe. Je, ni kweli wanyama humwacha aliye dhaifu? Ikiwa humlinda, kwa nini hufanya hivyo? Na mwanaadamu ana lipi la ziada juu yao? Tutaanza kwa wanyama, kisha tuje kwa watu wa kale, kisha kwa dini yetu, na tumalizie nyumbani kwetu.

Wanyama wamesingiziwa

Katika nchi za barafu, Canada na Greenland, wako wanyama mfano wa ng’ombe, wenye manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Adui wao ni mbwa mwitu wa nchi hizo za baridi, anayewinda kwa makundi. Wanapovamiwa, wakubwa husimama bega kwa bega, pembe zao zikielekea nje, na ndama huwekwa nyuma yao au katikati ya duara. Mbwa mwitu anayemtaka ndama hana budi kuzipita pembe zile kwanza. Mara nyingi hushindwa, akaondoka na njaa yake.

Baharini nako wako nyangumi wale watoao ambari, ambayo wazee wetu wa pwani wanaijua thamani yake. Nao wakishambuliwa hufanya duara: vichwa ndani, mikia nje, na mtoto kati. Mwezi wa Oktoba 1997, watafiti waliokuwa katika bahari ya California, Marekani, walishuhudia nyangumi 9 wa aina hiyo wakishambuliwa na nyangumi wauaji wapatao 35. Shambulio lilichukua saa kadhaa. Watafiti waliona kwamba kila mmoja alipovutwa nje ya duara, mwenzake mmoja au wawili walitoka, wakamweka kati na kumrudisha ndani, ingawa kwa kutoka kwao walijitia wenyewe mdomoni mwa adui. Mmoja aliuawa siku ile na wengine walijeruhiwa vibaya. Hata hivyo hawakuacha kutoka kwenda kumrudisha mwenzao.

Tembo wetu wa Afrika Mashariki nao wana habari zao. Mwaka 2003, katika hifadhi ya Samburu, Kenya, watafiti walimfuatilia tembo jike aliyekuwa kiongozi wa ukoo wake. Aliugua, akaanguka chini. Tembo jike mwingine, kiongozi wa ukoo tofauti kabisa, alimjia akamwinua kwa pembe zake mpaka akasimama. Alipojaribu kumsukuma atembee, mgonjwa alianguka tena. Yule mwenzake alibaki karibu naye, akiendelea kumsukuma, hata baada ya kundi lake mwenyewe kuondoka. Mgonjwa alikufa siku ya pili, na kwa siku zilizofuata tembo wa koo mbalimbali walikuja kumsimamia.

Tukishuka kutoka kwa tembo hadi kwa mdudu, tunamkuta chungu mkubwa mweusi, mfano wa sungusungu, anayeishi sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Chungu hawa huenda kwa safu kuvamia vichuguu vya mchwa, na katika vita hivyo wengi hukatwa miguu. Mtafiti wa Kijerumani Erik Frank na wenzake waliwachunguza katika hifadhi ya Comoé, Ivory Coast. Waliona kwamba vita vikimalizika, majeruhi hutoa harufu ya kuomba msaada, na wenzao huwabeba hadi nyumbani. Huko wazima huwalamba vidonda kwa muda mrefu. Majeruhi walionyimwa matibabu hayo walikufa kiasi cha 80 katika kila 100 ndani ya siku moja. Waliotibiwa, waliokufa walikuwa kiasi cha 10 tu katika kila 100.

Sisi tuliosoma Suuratun-Naml hatupaswi kushangaa sana. Allaah Ametusimulia habari ya chungu aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Nabii Sulaymaan (‘alayhis-salaam) na majeshi yake bila ya wao kuhisi. Chungu yule hakujificha peke yake.

Kwa nini hufanya hivyo?

Wataalamu wa elimu ya viumbe wametaja sababu kadhaa, na kila moja ina funzo.

Ya kwanza ni damu. Kiumbe humlinda zaidi mtoto wake, ndugu yake na jamaa yake. Wale nyangumi na tembo huishi kwa koo za mama, bibi, mama wadogo na wajukuu, na chungu wa kichuguu kimoja huwa ni ndugu. Anayemwokoa ndugu yake amelinda sehemu ya uzao wake.

Ya pili ni kupokezana. Katika nchi ya Costa Rica wako popo wanaoishi kwa kunyonya damu ya mifugo. Popo huyu akikosa chakula usiku mbili tatu mfululizo, hufa. Mtafiti Gerald Wilkinson alieleza mwaka 1984 kwamba popo aliyeshiba humtapikia damu mwenzake aliyerudi na njaa, na hufanya hivyo zaidi kwa jamaa yake na kwa yule wanayelala pamoja mara kwa mara. Aliyeshiba leo huenda kesho akakosa. Leo kwangu, kesho kwako.

Ya tatu ni kwamba anayeonekana mzigo huwa amebeba kitu ambacho kundi zima linakihitaji. Mfano mzuri uko hapa hapa Tanzania. Mwaka 1993 hifadhi ya Tarangire ilipata ukame mkali. Katika miezi ile walikufa ndama wa tembo kiasi cha 20 katika kila 100, hali ya kuwa miaka ya kawaida hufa 2 tu. Lakini msiba haukuwa sawa kwa makundi yote. Makundi yaliyotoka hifadhini kwenda kutafuta maji na majani kwengine yalipoteza ndama wachache. Watafiti walipochunguza, waliona kwamba kundi lililobaki ndani halikuwa na majike wazee wa kutosha kuukumbuka ukame mwingine mkubwa, ule wa miaka ya 1958 hadi 1961. Wazee wa kundi hilo walikuwa wamemalizwa na majangili. Tembo kikongwe anakwenda polepole na meno yamemwisha, lakini anakumbuka njia ya maji, na siku ya ukame hiyo ndiyo roho ya kundi.

Kwa mwanaadamu sababu hii ina uzito zaidi, kwani sisi huzaliwa wanyonge kuliko takriban viumbe wote. Mtoto wa mbuzi husimama siku aliyozaliwa, na wa kwetu hukaa mwaka mzima kabla hajapiga hatua. Mama mmoja hawezi kumlea huyu, kumbeba anayefuata na kutafuta chakula peke yake. Mtaalamu Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe, karibu na ziwa Eyasi, Tanzania. Waliona kwamba mama anaponyonyesha kichanga, mtoto aliyeachishwa ziwa hutegemea sana mizizi inayochimbwa na bibi yake. Bibi ameshaacha kuzaa na nywele zimekuwa nyeupe, lakini mjukuu ananenepa kwa mkono wake.

Juu ya sababu zote hizi sisi Waislamu tunajua asili yake. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) ametufundisha, katika Hadiyth iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, kwamba Allaah Amejaalia rehma sehemu mia, Akaiteremsha moja tu duniani, na kwa sehemu hiyo moja viumbe huhurumiana, hata mnyama huinua ukwato wake asije akamkanyaga mtoto wake. Basi wanasayansi wanatueleza namna huruma inavyofanya kazi, na dini inatueleza imetoka kwa Nani.

Mnyama ana mpaka

Haitofaa tuseme nusu ya habari tukaificha nusu. Wale chungu wanaobeba majeruhi hawambebi kila majeruhi. Aliyepoteza mguu mmoja au miwili hubebwa. Aliyepoteza miguu mitano huachwa pale pale, kwa kuwa hatofaa tena vitani. Tai mweusi wa milimani hutaga mayai mawili. Kifaranga anayetangulia kutoka humdonoa mdogo wake mpaka afe, na wazazi hawaingilii. Simba dume akilitwaa kundi jipya huua watoto aliowakuta.

Kwa hiyo yule wa barazani hakukosea kila kitu. Wako wanyama wanaomwacha mnyonge, na hata wanaomlinda humlinda kwa kiasi cha damu yao au faida yao. Alipokosea ni pale alipomfanya mnyama kuwa imamu wake. Hapa ndipo njia ya mtu na ya mnyama zinapoachana: je, yule ambaye hatorudisha chochote, naye alindwe?

Watu wa zamani sana walishajibu swali hili. Mwaka 2007, katika eneo la Man Bac, kaskazini ya Vietnam, wachimbuzi waliukuta mfupa wa kijana aliyekufa miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Mifupa yake ilikuwa myembamba mno na shingo yake imeungana. Watafiti Lorna Tilley na Marc Oxenham walipoichunguza waliona kwamba alipooza kuanzia kiunoni tangu ujana wake, na mikono yake ilikuwa na nguvu kidogo sana. Hata hivyo aliishi miaka ipatayo kumi katika hali hiyo. Watu wa kijiji chake walikuwa wavuvi na wawindaji wasiokuwa na chuma. Mtu fulani alikuwa akimlisha, akimwosha, akimgeuza ubavu asipate vidonda, akimhamisha juani na kivulini. Siku moja, kisha siku ya pili, kwa miaka kumi. Na kazi ya miaka kumi haiwi ya mtu mmoja. Ilikuwa ya jamii nzima.

Boti inapozama

Lakini mtu naye, akiachwa na nafsi yake tu, anaweza kushuka chini kuliko mnyama. Sisi watu wa visiwani tunasafiri kwa vyombo, na msiba wa MV Spice Islander wa Septemba 2011 bado uko katika nyoyo za familia nyingi za Unguja na Pemba, Allaah Awarehemu waliotangulia. Kwa hiyo utafiti huu unatugusa.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, Mikael Elinder na Oscar Erixson, walikusanya habari za ajali 18 za meli, zilizohusu watu zaidi ya 15,000, na wakazitangaza mwaka 2012. Wengi tunadhani kwamba meli ikizama, wanawake na watoto hutangulizwa. Wao walikuta kinyume chake. Kwa jumla, wanaume waliokoka zaidi kuliko wanawake, watoto wakawa nyuma ya wote, na mabaharia waliokoka zaidi kuliko abiria waliokabidhiwa kwao. Titanic, iliyozama mwaka 1912, ilikuwa miongoni mwa chache zilizokwenda tofauti, na sababu inajulikana: nahodha alitoa amri kwamba wanawake na watoto watangulie, na maofisa wake wakaisimamia. Watafiti hao waliona kwamba amri ya nahodha ndiyo iliyobadilisha hali ya wanawake.

Tuizingatie habari hii. Abiria wa Titanic hawakuwa na huruma zaidi kuliko abiria wa meli nyengine. Walichokuwa nacho ni amri iliyo wazi na mtu wa kuisimamia. Huruma iko katika maumbile ya mtu, lakini hofu na uchoyo navyo vimo. Ikiachwa bila utaratibu, huruma hushindwa saa ile ile inapohitajiwa. Ndiyo maana Uislamu haukutuachia jambo la wanyonge liwe hisani ya anayependa. Umelifanya kuwa hukumu na haki.

Duara lililowekwa na Shari’ah

Tazama Suurat ‘Abasa. Kipofu, ‘Abdullaah bin Ummi Maktuum (Radhiya Allaahu ‘anhu), alimjia Mtume akitaka kufundishwa wakati Mtume alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Quraysh. Allaah Akateremsha Aayah za kumlaumu Nabii Wake kwa kukunja uso, nazo zinasomwa mpaka leo. Kisha Swahaba huyo akawa mmoja wa waadhini wa Mtume, na mara kadhaa akaachiwa uangalizi wa Madiynah Mtume alipokwenda safari. Mtu huyu hakupewa sadaka tu, alipewa pia kazi na cheo.

Tazama Swalah. Mu‘aadh bin Jabal (Radhiya Allaahu ‘anhu) alipowaswalisha watu akarefusha kisomo, Mtume alimkemea kwa ukali. Imamu akaamrishwa apunguze, kwa kuwa nyuma yake wamo wadhaifu, wazee na wenye haja. Naye ‘Uthmaan bin Abil-‘Aasw alipofanywa imamu wa watu wake aliambiwa amfanye aliye dhaifu kabisa miongoni mwao kuwa ndiye kipimo. Katika safari vilevile, Mtume alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akiwasukuma wanyonge na kuwapakia. Kiongozi wa msafara wetu alikuwa akitembea na wa mwisho.

Na Sa‘d bin Abiy Waqqaasw (Radhiya Allaahu ‘anhu), shujaa mkubwa, alipodhani kwamba ana ubora juu ya wengine, Mtume alimfahamisha kwamba wao hawapati ushindi wala riziki ila kwa sababu ya wanyonge wao. Hadiyth hii iko katika Al-Bukhaariy. Inageuza hesabu ya barazani juu chini. Tulidhani sisi ndio tunaomlisha bibi kitandani, kumbe huenda ni kwa sababu yake sisi tunakula.

Swahaba waliendeleza mwendo huo mpaka ukawa sheria za dola. ‘Umar bin Al-Khattwaab (Radhiya Allaahu ‘anhu) alikuwa ameweka posho kwa watoto walioachishwa ziwa tu. Usiku mmoja alimsikia mtoto akilia sana. Alipomuuliza mama yake, akaambiwa kwamba anamwachisha ziwa mapema ili apate posho ya Khalifa. ‘Umar aliingiwa na huzuni kubwa, akatangaza kwamba kuanzia hapo kila mtoto wa Kiislamu atapewa posho tangu kuzaliwa. Aliona kwamba utaratibu wake ndio uliowadhuru wadogo, akaubadilisha. Na imepokewa kwamba alipomwona mzee asiye Muislamu akiomba mitaani, alimchukua akampa, akaamrisha yeye na mfano wake wapewe kutoka hazina na waondolewe kodi, kwani si uadilifu kula nguvu za ujana wake kisha kumtupa uzeeni.

Mzee yule hakuwa na damu ya ‘Umar wala dini yake, na hakuwa na la kumlipa. Zile sababu tatu za wanyama, zote hazipo hapa. Imebaki haki peke yake.

Tukirudi nyumbani kwetu

Tumeyasema haya yote ili tufike hapa. Angalia tena mifano iliyopita: ng’ombe wa barafuni, nyangumi, kijiji cha Man Bac, hazina ya ‘Umar. Katika yote, mnyonge amezungukwa na wengi. Ng’ombe mmoja hawezi kuwa duara. Akisimama peke yake mbele ya kundi la mbwa mwitu, ataliwa yeye na ndama wake.

Na hilo ndilo tunalolifanya katika majumba yetu mengi. Duara tumelivunja, tukamsimamisha mtu mmoja peke yake. Mara nyingi ni mwanamke: binti aliyeachika, mke wa mtoto, au mama mwenyewe. Sisi wengine tunapita kutoa salamu, tunamsifu kwa subira yake na kumwambia Pepo yake iko hapo, kisha tunaondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huyo muuguzaji akishindwa siku moja akapiga kelele, au akakaa chini akalia, tunasema hana huruma. Ukweli ni kwamba amechoka, na tuliomchosha ni sisi.

Kwa hivyo tunazikumbusha familia zetu mambo yafuatayo.

Kwanza, kumhudumia mzazi masikini asiye na mali wala nguvu za kuchuma ni wajibu kwa watoto wake wenye uwezo, na hili wanazuoni wamekubaliana. Wajibu huo hauwi wa yule anayeishi karibu peke yake. Aliyeko Maskati, London au Dar es Salaam naye yumo. Kaeni kikao, muandike: nani anatoa nini kila mwezi, nani anakuja lini, nani analala naye usiku wa Ijumaa ili muuguzaji apate kupumzika. Fedha hazimgeuzi mgonjwa ubavu, na anayemgeuza haishi kwa dua tu.

Pili, kwa wewe unayeuguza: kuchoka si dhambi. Allaah Haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Kuwaambia ndugu zako “nimechoka, njooni” si kukosa radhi za mzazi. Sema mapema, kabla uchovu haujawa maneno makali kwa mgonjwa.

Tatu, mtoto mwenye ulemavu asifichwe. Wako watoto visiwani mwetu wanaokua chumba cha uani, hawajulikani kwa majirani, hawajaandikishwa kuzaliwa na hawajapelekwa hospitali, kwa kuona haya au kwa kuogopa maneno kwamba ni mkosi au kazi ya majini. Huu ni mtihani wa Allaah kama mitihani mingine, na si aibu ya mama wala ya ukoo. Mpelekeni kwa daktari, mpelekeni skuli na chuoni. Hata akihifadhi Al-Faatihah peke yake, ni hazina yake.

Nne, mali yake ilindwe. Asiyekuwa na akili timamu ameondolewewa jukumu la ibada, lakini hakuondolewa haki. Hurithi fungu lake kamili sawa na warithi wengine wa daraja yake, na walii wake humsimamia. Suuratun-Nisaa imeeleza kwamba wasioweza kusimamia mali walishwe na kuvishwa kwa mali hiyo na waambiwe maneno mazuri, na kwamba msimamizi tajiri ajizuie na mali ya yatima. Shamba la mikarafuu la mtu asiyeweza kusema si shamba lisilo na mwenyewe.

Tano, misikiti na mitaa. Ngazi ya msikiti iwe na njia ya kiti cha magurudumu. Imamu amkumbuke mzee aliye safu ya nyuma. Kwenye boti, anayepanda na mgonjwa apishwe. Vijana wa mtaa wawe na zamu ya kumbeba mzee asiyeweza kutembea hadi msikitini siku ya Ijumaa.

Serikali nayo ina sehemu yake katika duara. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kutoa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikia miaka 70, awe aliajiriwa au la, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni jambo la kushukuriwa, na linafanana na mwendo ule wa ‘Umar. Lakini pensheni haimwoshi mtu wala haikai naye akazungumza naye. Isije ikawa sababu ya watoto kusema kwamba mama sasa ana mshahara wake.

Wazee wetu walisema: hujafa hujaumbika. Hakuna miongoni mwetu aliyezaliwa akitembea, na wachache watakufa wakitembea. Kati ya kitanda cha kwanza na cha mwisho tuna miaka kidogo ya nguvu, na miaka hiyo ndiyo zamu yetu ya kusimama katika duara. Anayeitoroka zamu yake leo ajiulize nani atasimama siku itakapofika zamu yake ya kuwa katikati.

Basi yule aliyeambiwa kwamba hata wanyama humwacha aliyechoka, ajibu hivi: wako wanaomwacha na wako wanaokufa kwa ajili yake, na mimi sikuumbwa niwafuate wanyama. Kisha amshike mkono msemaji huyo na kumwambia: njoo, shika upande huu, tumgeuze pamoja.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aalaa) Awaponye wagonjwa wetu, Awatie nguvu wanaowauguza, Awasamehe wazee wetu waliotutangulia, na Atujaalie tuwe wepesi kwa wanyonge wetu kabla hatujawa wanyonge sisi wenyewe. Aamiyn.

Wa-Allaahu A‘lam.